Muhuri Uliobaki Chini ya Tope

Jumanne nilipotoka shule nilikuta viti vya plastiki vimepangwa mbele ya nyumba ya jirani yetu, hapa kota za polisi Naguru, na mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama karani amefariki hospitalini. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnajua mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, kwa hiyo kwenye matanga sikusema kitu. Naandika hapa. Alikuwa mke wa polisi na karani wa chuo kikuu, na kwa miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta sidhani kama tuliongea zaidi ya saa mbili, ukijumlisha. Sehemu kubwa ya maongezi hayo inatokana na Jumapili moja, nikiwa kidato cha pili, nilipokuwa napiga pasi sketi ya shule mezani kwake, maana pasi yake ya mkaa ilishika moto kuliko yetu.

Kijana mmoja akabisha hodi, akajieleza mlangoni kabla hata hajaketi. Mume wa mama karani alicheka, akasema, "Ofisi imekufuata mpaka nyumbani. Kesho italala hapa." Kijana hakucheka. Alikuwa mwanafunzi wa kilimo, kwao milimani mashariki, ambako mlima uliporomoka ukafunika kijiji wakati wa mitihani. Alikimbilia kwao kuchimba na kuzika, mitihani ikampita. Aliporudi, mama karani mwenyewe alimwambia pale dirishani pa ofisi yake kwamba fomu ya kuomba mitihani upya inataka barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri, la sivyo kamati ya mitihani itaandika kwamba ameacha masomo. Akarudi mlimani. Sasa kamati ilikuwa inakaa kesho yake, naye alikuwa ameleta karatasi ya daftari yenye majina na alama za vidole gumba.

"Muhuri iko wapi?" mama karani aliuliza.

"Iko na mwenyekiti, mama."

"Sasa alikataa kupiga?"

"Mwenyekiti iko chini ya tope. Bado hatujamtoa."

Mama karani aliisoma ile karatasi, jina kwa jina. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Wewe, sketi inaungua." Kweli ilikuwa inaungua. Akamgeukia kijana. "Nilikukosea, mwanangu. Kuja kesho saa mbili, na hiyo karatasi yako."

Ilinichukua wiki kadhaa kupata ujasiri wa kumuuliza alifanya nini. Alisema pale penye nafasi ya muhuri aliandika kwa mkono wake kwamba muhuri haupatikani, kwamba aliyemrudisha kijana bure ni yeye, na kwamba vidole vile ni vya waliobaki. Mkubwa wake alimgombeza kwa kuharibu fomu. Kamati ikaisoma hivyo hivyo, na kijana akapangiwa mitihani yake upya.

Tangu hapo najiuliza ni nani aliyeiandika fomu ile. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Labda alimfikiria mwanafunzi aliyeugua au kufiwa, na nyuma yake kijiji kizima kimesimama, kina meza, kina wino, kina mtu wa kushuhudia. Hakufikiria kwamba siku moja janga litamfika mwanafunzi pamoja na shahidi wake.

Nilimwambia mama karani kwamba alifanya vizuri. Hakupenda. "Usinisifu," alisema. "Huyu alisumbua askari wa geti mpaka akajua naishi wapi. Na wale wengine niliowarudisha pale dirishani, wao je?" Akainuka, akaenda kuanua nguo.

Nilichojifunza kwake ni hiki. Mwanafunzi aliyepoteza kila kitu hapaswi kutafuta nyumba ya karani mwenye huruma. Msaada wake uwe umeandikwa ndani ya fomu yenyewe, aukute pale dirishani, hata siku ambayo karani huyo hayupo tena.