Sahani Isiyoguswa

Chombo cha udongo cha Kitaliana huwa nakigonga kabla sijakitazama. Kidole kimoja, ukingoni, taratibu. Kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hujibu kwa sauti ya debe. Nimevikusanya vyombo hivi miaka mingi hapa Maskati, na watu huniletea vyao niwaambie ni vya zamani au vya juzi. Rangi imenidanganya mara nyingi, sauti bado.

Sahani ya mzee wa mtaa wa Hail sikuigonga.

Aliileta mwenyewe nyumbani kwangu Bawshar, alasiri ya Ramadhani, imefungwa ndani ya kanga ya marehemu mkewe. Alikuwa rafiki wa baba yangu, nami namwita ami tangu utotoni. Alipokuwa serikalini, makarani wakisikia viatu vyake ukumbini walikuwa wanaacha kutafuna. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na bado nikimwona najikuta nimekaa wima.

"Hii ya mama yangu," akasema. "Alimpa mke wangu tulipooana. Mke wangu akaitundika juu ukutani, hapana aliyeruhusiwa kuigusa. Hata mimi, akisema nna mikono mizito. Watoto washagawana kila kitu, hii nimewaomba waniachie. Nnataka kujua tu ni kitu gani nlichonacho. Na usiigongegonge."

Kidole changu kilikuwa kishanyooka. Nikakirudisha.

Alipoondoka niliitazama kidogo. Mwanamke amechorwa kwa upande, shingo ndefu, utepe kichwani, buluu na manjano juu ya weupe mzito unaong'aa. Mzuri, mwenye maringo. Saumu ilikuwa imenichosha. Nikaiacha juu ya kanga yake mezani, nikaenda kujilaza, nikisema nitaipima kwa utulivu nikishafuturu.

Nilipoamka, kanga ilikuwa imekunjwa vizuri na sahani haipo.

Mama yangu, ninayekaa naye, alikuwa jikoni anakaanga sambusa.

"Mama, sahani iliyokuwa mezani?"

"Nimewapelekea jirani ndizi za nazi. Jana wao wametuletea kwa sahani ya kioo yenye dhahabu, nami niwapelekee kwa plastiki? Watu watasemaje?"

"Ile ya ami!"

"Ami yupi?"

Nikamwambia. Mama akazima jiko, akakaa. "Mungu wangu. Yule atatumeza bila maji."

Nilikwenda kwa jirani bila hata kuvaa viatu sawasawa. Akafungua dada wa Kiganda anayefanya kazi pale. "Madamu ameenda Mawaleh, kwa mama wa bwana," akasema. "Chakula chenu amebeba pia, vile vile na sahani. Alisema kinanukia vizuri."

"Kilikuwa cha moto?"

"Moto sana, mama. Mimi nilishika na kitambaa."

Nikampigia jirani simu, haikupokelewa. Nyumba ile mama aliijua, tukaingia garini. Kila aliyepata kuendesha gari Maskati karibu na magharibi ya Ramadhani anajua: watu wote wanakimbilia kikombe kimoja cha maji. Mama alikaa pembeni yangu, akisoma Ayatul Kursiyyu na kunikosoa kwa zamu. Mimi nilikuwa nawaza ile nazi ya moto juu ya rangi, na vijiko. Zaidi ya hayo nilikuwa naiwaza sura ya ami. Ile ilikuwa amana. Kwake yeye haikuwa sahani tena, ilikuwa ndicho kitu kilichobaki cha mkewe.

Tulifika adhana inamalizika. Jirani akatuvuta ndani, tukakalishwa, tukapewa tende. Hakuna mlango wa watu wetu utakaokuruhusu kusimama saa ile. Na pale katikati ya mkeka ndipo ilipokuwa sahani ya ami, imejaa ndizi, mama mkwe wa jirani yetu anachota kwa kijiko cha chuma. Bibi mkunjufu, ana mkono wenye nguvu. Kila kijiko kilipokwaruza chini nilihisi kwenye meno yangu.

Huwezi kuwanyang'anya watu sahani wanayofuturia. Njia niliyoiona ilikuwa moja, kuimaliza. Nikala. Nilikula ndizi zile kama niliyetoka kifungoni, mpaka jicho la yule mwanamke likatokeza kwenye nazi, kisha pua, kisha utepe.

"Masikini, mwanangu," bibi akasema, "saumu imekukamata leo."

Nikainuka nayo. "Nnaiosha mwenyewe, bibi."

"Aka! Sahani ya mtu haitoki kwangu tupu. Iache, ntaileta kesho na kitu ndani."

Nilikuwa nishafika kwenye sinki. Maji yalipoipita, buluu ikanijia kidoleni. Nikadhani ni uchafu. Kisha nikaona mstari, mwembamba, kutoka ukingoni hadi shingoni mwa yule mwanamke, na mwengine unaokatiza utepe, na ndani yake kitu cheupe kilicholainika kama uji. Moto ungeweza kuipasua sahani, lakini moto hauachi gundi. Hii ilikuwa imevunjika zamani, na aliyeiunga hakuwa fundi. Alitumia gundi nyeupe ya watoto wa skuli, akafuatisha mistari kwa rangi zao za maji. Ningeigonga tu, ingeniambia.

Nikaibana kwa mikono miwili, nikamsihi bibi aniruhusu. Alikataa mpaka mama yangu alipoingia kati. Mwisho akaweka tende moja juu yake, ili isiwe tupu, akatuachia.

Nyumbani ikaachana vipande vitatu mikononi mwangu.

"Iunge," mama akasema. "We unajua kazi hii. Nani atajua?"

Kweli najua. Gundi yangu ni nzuri, rangi zangu haziondoki kwa maji. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibe ufa wa nani. Nilifungua gundi, nikakaa na kipande kimoja mkononi kama mtoto aliyefanya kosa. Halafu nikamfikiria yule mwanamke mwengine, marehemu mke wa ami, na rangi za wanawe mezani, akisikiliza kama viatu vinaingia ukumbini. Nikaifunga.

Asubuhi nilimpelekea ami vipande huko Hail. Nikafungua kanga barazani kwake, nikamwambia yote kwa pumzi moja: ndizi za nazi, Mawaleh, maji, gundi. Nikamwambia pia alichoniuliza: ya Kitaliana kweli, ya mkono, imeigiza kazi ya kale lakini ina umri wa bibi zetu tu.

Hilo la umri sidhani kama alilisikia. Aliokota kipande chenye uso, akapitisha kidole gumba palipovunjika.

"Gundi ya skuli," akasema.

"Ndiyo, ami."

"Mwanzo ilikuwa kabatini. Watoto walipoanza skuli ndio akaipandisha juu. Nkamuuliza kwa nini. Akasema kwa heshima ya mama yangu." Akakigeuza kile kipande. "Nimewahadithia watu miaka yote. Mke wangu anavyoienzi sahani ya mama yangu."

Watoto walipoanza skuli, mama yake alikuwa ameshafariki zamani.

"Angenambia tu," akasema. "Sahani hii. Ningemfanya nini? Mimi ni mtu wa kuogopwa?"

Nilikuwa nikimnyooshea kipande cha mwisho, chenye utepe. Akaitazama mikono yangu jinsi ilivyokuwa ikitetemeka. Akakipokea, na hakuniuliza tena.