Jina Mwishoni mwa Nguo

Sebati alianza kumshuku mumewe siku alipogundua kwamba nguo zote zinaishia kwa alama zile zile.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa wivu. Alikuwa mke wa mfumi katika mtaa wa wafumi kando ya mto Mahanadi, huko India, na kazi yake ilikuwa kufunga nyuzi. Mume huketi miguu ikiwa shimoni chini ya kitanda cha mfumi, mtambo wa kufumia nguo, mke huketi barazani mbele ya nyuzi zilizotandwa kwenye kiunzi, akizifunga mafundo kwa kufuata miraba iliyochorwa kwenye karatasi. Panapofungwa, rangi haiingii. Panapoachwa, inaingia. Ndivyo ua au samaki anavyotokea kwenye nguo, na ndivyo yalivyotokea mashairi ya mumewe, Baidhar Patra, herufi moja baada ya nyingine, kutoka vidoleni mwa mwanamke asiyejua kusoma hata moja.

Baidhar mwenyewe shule aliiona kwa nje. Herufi alizipata kwa kuchungulia begani kwa msomaji, kwenye kibanda ambako watu hukusanyika jioni kusikiliza beti takatifu. Mtaa ulimcheka. "Mfumi mshairi," walisema, "anawavika wenzake maneno, yeye shati limetoboka." Hakuthubutu kusimama kibandani kuimba ya kwake. Pale palikuwa pa wakubwa, washairi Wabrahmani wa tabaka la makuhani waliokufa zamani, ambao shairi likiisha jina lao hutajwa na watu wakainamisha vichwa. Yake aliyaweka kwenye pindo la nguo, mchuuzi wa mjini akazibeba, zikaenda zilikokwenda.

Sasa, mwishoni mwa kila nguo palikuwa na maumbo manne. La kwanza lilikuwa na tumbo, la pili lina mkia, la tatu kama sikio, la nne limejikunyata kama paka kwenye jivu. Maneno mengine yalibadilika kila msimu, haya hayakubadilika kamwe. Sebati alijiuliza ni kitu gani mwanamume anaweza kukirudia hivyo kila akimaliza kusema, akaona jibu moja tu. Ni jina. Na halikuwa la Sebati, kwa sababu lake alilijua kwa macho: lilichongwa kwenye chungu cha shaba alichokuja nacho siku ya harusi.

Akaanza kusikiliza. Baidhar alipofuma aliimba, sauti nzuri tu, lakini akifika mstari wa mwisho aliupitisha puani, mm-mm-mm, kama mtu anayepita mlangoni kwa anayemdai.

"Baba Tili, huo mwisho mbona huuimbi?"

"Mwisho si kitu," akajibu, akiinamia uzi wake.

"Kama si kitu, mbona unanifungisha kila nguo?"

"Ni desturi ya washairi, mama Tili. Lete chakula."

Akamletea wali uliolala majini, na pilipili mbili mahali pa moja.

Mtuhumiwa naye hakukawia kupatikana. Malati muuza bangili alikuwa mjane, mcheshi, na kosa lake kubwa kuliko yote ni kwamba alijua kusoma. Akishawavika wanawake bangili zao aliweka kapu chini, akasimama karibu na kitanda cha mfumi, akisoma nguo huku midomo ikicheza. Siku moja Sebati alimwona akifuta macho.

"Safari hii umeniliza, kaka," Malati alisema.

Kaka! Sebati alilitafuna neno hilo siku nzima. Chini ya "kaka" na "dada" dunia imeficha mengi, na yeye hakuzaliwa jana.

Lakini angemwomba nani amsomee? Kama ni Malati kweli, mtaa mzima ungejua kabla wali haujaiva. Binti yake, Tili, alikuwa ameanza shule, ila siri ya namna hiyo mtoto hapewi. Basi Sebati akachukua njia yake mwenyewe. Shairi zima alilifunga kwa mkazo, kama alivyofundishwa na mama yake. Alipofika kwenye maumbo manne akafunga mafundo ya uongo, malegevu, ya kupitisha maji.

Nyuzi zikatoka kwenye rangi, nguo ikafumwa. Maneno yalikuwa meupe na safi, na mwisho wake doa jekundu.

Baidhar aliitazama kwa muda mrefu. "Rangi imeingia hapa."

"Rangi kazi yake ni kuingia."

Hakumgombeza. Aliweka kiganja juu ya doa, akasema polepole, "Labda ni funzo. Labda sikustahili."

Hukustahili nini, mzee? Nani huyo wa kukuhuzunisha hivyo? Sebati aliungua moyoni, na nguo iliyofuata akalegeza zaidi. Baidhar akaona, akachora tena maumbo yale yale. Yeye akayalegeza tena. Miaka ikaenda hivyo, mume mkaidi na mke mkaidi, wanalala mkeka mmoja na wanalea mtoto mmoja, katikati yao doa. Tili alikua akiona nguo zimevuja mwishoni, akadhani ndivyo nguo za baba yake zilivyo.

Baidhar alikufa kwa kifua, kabla ya mvua. Aliacha karatasi moja aliyokuwa akiichora. Shairi lilikuwa limekamilika, lakini miraba ya mwisho ilikuwa mitupu.

Siku za matanga Malati akaja. Bangili za Sebati zilikuwa zimevuliwa, kwa kuwa mjane havai bangili, mikono imebaki mitupu, na muuza bangili hakuwa na la kuuza pale. Aliketi tu na wanawake wengine. Sebati, huku akilia, alikuwa akimpima. Macho ya yule mwanamke ni mekundu kiasi gani? Ni ya jirani, au yamezidi? Aliyaona yamezidi.

Walipobaki wawili, alifungua sanduku akatoa nguo ya kwanza kabisa, ile aliyoifunga kwa moyo mweupe kabla hajashuku lolote. Aliitunza miaka yote hiyo kama mtu anavyotunza ushahidi.

"Dada Malati, wewe unajua kusoma. Nisomee hapa mwisho."

"Si uliifunga mwenyewe, mama Tili?"

"Nisomee."

Malati akaivuta karibu na mlango penye mwanga. "'Nguo ni ya mvaaji, jasho ni la mfumi. Asema asiye kitu, Baidhar.'"

"Haya manne peke yake."

"Baidhar."

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Shairi huishia kwa jina la mwenyewe. Kibandani si unasikia kila jioni?"

"Yale ni ya wakubwa."

"Na yeye aliona haya, ndiyo maana akajiita asiye kitu. Lakini jina aliliweka." Malati akakunja nguo magotini. "Mimi ndiye niliyetaka kukuuliza. Nguo zote za baadaye, mbona jina mmelitia doa? Huko mjini watu wanaimba maneno ya mumeo, ukiwauliza ni ya nani, wanasema hayana mwenyewe."

Katika mtaa wao mke hatii jina la mumewe kinywani, na Sebati hakuwahi kulitamka tangu aolewe. Sasa akajua kwamba hata sura ya jina hilo hakuijua. Alikuwa nalo vidoleni kila msimu, na kila msimu amelizamisha kwenye rangi kwa mikono yake, mwenyewe akitazama. Aibu ilimjaa mpaka akakosa pa kuyaweka macho.

Shaka la mwisho halikukubali kufa bila kusema. "Na wewe ulikuwa unalia nini barazani kwangu?"

"Maneno, mama Tili. Palikuwa na ubeti wa kitanda kilichopoa upande mmoja. Wewe ulikuwa hujakijua bado."

Matanga yalipokwisha Sebati alitanda nyuzi kwenye kiunzi. Tili, sasa msichana mkubwa, ndiye angefuma. Mama alifunga shairi lote kwa kufuata karatasi, akafika kwenye miraba mitupu, na vidole havikusimama.

"Mama, hapo baba hakuchora."

"Najua."

"Sasa unafuata nini?"

"Nimelichukia miaka mingi, Tili. Nitalisahau vipi?"

Alifunga kila fundo mara mbili, akavuta kwa meno, mpaka ukucha ukapasuka. Nyuzi zilipotoka kwenye rangi na nguo ikafumwa, maumbo manne yalikuwa meupe kuliko shairi lenyewe.

Mchuuzi hakupewa. Sebati aliipeleka kibandani, akaomba isomwe, akaketi upande wa wanawake akiwachunguza wazee kichwa kimoja baada ya kingine, aone nani atashupaza shingo. Msomaji alisoma vizuri. Alipofika mwisho akasita, akawatazama wenzake, kwa kuwa jina la mfumi halikuwahi kutajwa mahali pale.

Sebati hakumngoja.

"Baidhar," akasema, kwa sauti ya kusikika nje.

Wanawake wakageuka kumtazama mjane aliyetaja jina la mumewe. Malati ndiye wa kwanza kuinamisha kichwa. Kisha akainama msomaji, na wazee wakamfuata.