Brashi ya Verlin

Darlene Kubiak aliendesha basi la shule pembezoni mwa Toledo kwa miaka thelathini na moja, na mtoto mwongo alimjua kwa kumtupia jicho tu kwenye kioo cha dereva. Lakini mtu mzima mwenye mvi alimpiga chenga miaka ishirini na mbili, mchana kweupe, brashi mkononi.

Nyumba za mtaa ule zimevikwa vibamba vya plastiki kwa nje, na upande usiopata jua huota ukungu wa kijani kila mwaka. Majirani wengine walikodi mashine ya kuosha kwa presha, saa moja kazi imekwisha. Darlene hakuthubutu. Verlin Oakes, jirani wa uzio mmoja na rafiki wa marehemu mumewe, alikuwa amekataza katakata.

"Mashine itakuharibia nyumba, Darlene. Siki, maji ya uvuguvugu na brashi laini, basi. Niachie mimi."

Na kila Mei alikuja mwenyewe, akasugua kibamba kimoja kimoja kwa brashi ya mpini mrefu, asitake malipo ila kahawa na kipande cha pai ya cheri. Si ndiye aliyeuvika ukuta ule? Chet, mume wa Darlene, alinunua vifaa vyote, lakini kiwanda kilikuwa hakimpi nafasi, na Verlin akajitolea kufunga. Hata alipokuwa kitandani anakwisha, Chet alimwambia mkewe, "Mambo ya ukuta, msikilize Verlin." Darlene alikuwa akimtazama kupitia dirishani anavyosugua, akijiambia kwamba watu wa namna hii hawazaliwi tena.

Mwaka huu Verlin alikuwa ametoka kuwekewa goti jipya. Na mwaka huu huu Brielle, mjukuu wa Darlene, alikuwa anamaliza sekondari. Wageni sitini wa sherehe yake wangekula uani wakiukodolea macho ukuta wa kijani. Darlene alipima. Apande ngazi na brashi kwa miaka yake sabini na mitatu, au aite mashine? Akaita mashine. Hakumwambia Verlin. Aliona haya, kama mtu anayemkimbia daktari wake.

Fundi Rusty Amstutz hakuwa mbabaishaji. Alipunguza presha, akapiga maji kutoka juu kwenda chini, na ukuta ukang'aa. Kisha Darlene akaingia ndani, akakuta maji yanachuruzika kwenye chumba chake cha kushonea.

Rusty alibandua kibamba kimoja. Akabandua cha pili.

"Mama, nani alikufungia hivi?"

"Rafiki yetu. Kwani vipi?"

"Nyuma ya plastiki huwa kuna karatasi ngumu ya kuzuia maji. Hapa hakuna hata kipande. Ona." Alibonyeza ubao kwa kidole, kidole kikazama. "Haukuanza kuoza leo huu."

"Karatasi ilikuwepo! Mume wangu alileta marobota matatu. Nilisaidia kuyashusha kwa mikono yangu."

"Basi yalipandishwa kwingine, mama."

Darlene alivuka uani. Verlin alikuwa gerejini kwake, mguu juu ya kiti.

"Nimesikia mashine," alisema, hata salamu hakutoa. "Darlene, nilikwambia nini?"

Gereji ile ilijengwa kiangazi kile kile ukuta wa Darlene ulipovikwa, na ndani nguzo zake zilibaki wazi. Kila Ijumaa Darlene alicheza karata humo, mgongo ukutani. Sasa alisogeza makopo ya rangi kwenye rafu. Nyuma ya makopo, kati ya nguzo mbili, karatasi ngumu nyeupe ilikuwa na herufi nyekundu: KUBIAK. Chet aliandika jina lake juu ya kila alichonunua, hata ndoo.

"Nilitaka moja tu," Verlin alisema. "Ningelirudisha."

"Ukabeba yote matatu."

"Nikaona nikisugua polepole, maji hayatapita. Na nimekuja kila mwaka, Darlene, sijakosa hata mmoja."

"Na mvua je, Verlin? Mvua nayo ulikuwa unaisugua polepole?"

Verlin aliushusha mguu kutoka kitini.

"Mimi nakuokea pai! Chet alijua?"

"Hapana. Alinishukuru. Wiki ile ya mwisho alinishika mkono, akanishukuru kwa ule ukuta."

Wizi wenyewe pengine Darlene angeumeza siku moja. Lakini kukaa kando ya mtu anayekata roho na kupokea shukrani yake! Alirudi kwake, akaichukua ile brashi iliyotundikwa barazani miaka yote, akaja kuiegemeza kwenye mlango wa gereji.

Sherehe ilifanyika vilevile, mbele ya ukuta uliobanduliwa, mbao nje. Wageni walikula, Brielle akapigwa picha upande wa pili. Mtu mmoja akauliza mbona Verlin haonekani.

"Yuko gerejini kwake," Darlene alisema. "Pale ni pakavu."