Sólrún na Kona Saba za Krummaskarð

Saa kumi na moja alfajiri, Sólrún Egilsdóttir anashusha jembe la chuma mbele ya lori lake na kuanza kuufungua mlima wa Krummaskarð. Theluji iliyoanguka tangu jana inaruka pembeni kama unga kinuni. Mbele haonekani mtu, wala nguzo, wala barabara yenyewe.

"Hapa pana kona," anasema, ingawa kioo ni cheupe tupu. Anakata usukani. Kona ipo.

Ana umri wa miaka hamsini na tisa. Ni mfupi, na magoti humuuma kila hali ya hewa inapogeuka, yaani kila siku. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiisafisha barabara hii ili watu 212 wa kijiji cha Kaldeyri wafike hospitali, dukani na kwa jamaa zao. Hupanda na kushuka mara sita kwa siku. Akimaliza raundi ya kwanza huegesha kileleni na kula samaki mkavu aliyepakwa siagi, huku injini ikinguruma chini ya miguu yake.

Ni vigumu kuamini kwamba mama huyu ndiye aliyewafanya watu wa nchi kadhaa wasahau kupumua kwa dakika nne.

Ilianza na mpwa wake, Eyvindur Bragason, mtoto wa kaka yake. Eyvindur ni fundi wa mashine katika kiwanda cha samaki, na tangu utotoni alikuwa na ndoto moja tu: kutengeneza filamu ya mapigano na kufukuzana. Aliandika hadithi ya dereva wa lori la samaki anayewindwa na majambazi kwa sababu ya kitu kilichofichwa chini ya barafu ya mzigo wake.

Kitu gani hasa? "Hata mimi sikumbuki vizuri," anasema Eyvindur, akicheka. "Tulibadilisha mara nne."

Filamu aliiita *Asilimia Kumi na Saba*, kutokana na kibao kilicho kileleni kinachowaonya madereva juu ya ukali wa mteremko. Bajeti nzima ilikuwa krona milioni tano, fedha zisizotosha kununua gari jipya la maana. Bunduki zilichongwa kwa mbao na kupakwa rangi. Jambazi mkuu alikuwa mwalimu wa kwaya. Lori lenyewe, kuukuu, lilipatikana kwa kubadilishana na mapipa ya samaki wa chumvi yaliyokopwa kijijini, na lilikuwa moja tu. Likivunjika, filamu imekufa.

Kilele cha hadithi kilikuwa dereva kushuka kona zote saba za Krummaskarð lori likiwa halina breki. Breki zingekuwepo, bila shaka; yalikuwa maigizo tu. Kwa kazi hiyo aliitwa dereva wa filamu kutoka mji mkuu, Reykjavík, kijana mwenye sifa zake. Alifika siku ya Jumanne mwezi Machi, miaka miwili iliyopita. Akatembea kwa miguu hadi kona ya nne, mahali ambapo upande mmoja ni ukuta wa theluji na upande wa pili ni hewa tupu hadi baharini. Akarudi, akanywa kahawa vikombe viwili, akaomba radhi, akaondoka.

"Simlaumu," anasema Sólrún. "Yule alikuwa na akili."

Siku hiyo yeye aliajiriwa kusafisha barabara tu. Alimkuta Eyvindur ameketi kwenye ngazi ya lori, kichwa mikononi.

"Mwanaume mzima unalia?"

"Silii, shangazi. Ni upepo."

"Upepo gani? Haya, nipe funguo."

"Shangazi, acha utani. Baba ataniua."

"Baba yako yuko baharini mpaka Ijumaa. Tena mimi hupita hapa mara sita kwa siku bila kuona pua yangu mwenyewe. Leo naona mpaka ng'ambo ya ghuba. Lete funguo, na hiyo kofia ya dereva wako."

Wakambandika na ndevu za bandia, maana dereva wa hadithi ni mwanaume. Wakafanya mazoezi mara mbili, polepole. Mara ya tatu, kamera ya kuruka ikapaa nyuma ya lori, na Eyvindur akapunga bendera kutoka chini.

Kona mbili za kwanza zilikwenda kama ilivyopangwa. Kabla ya ya tatu, Sólrún alikanyaga breki na mguu ukazama.

"Ukazama kama kwenye uji," anasimulia. Mazoezi yale mawili yalikuwa yamezichemsha breki kuukuu zile. Akajaribu kurudisha gia ya chini; gia ikaruka, ikakataa kuingia. Lori lilikuwa na tani nane na mlima ulikuwa bado na kona tano.

Aliogopa? Macho yake yako barabarani.

"Sana. Mdomo ulikauka hadi ndevu zikanibanduka. Lakini ukuta ule wa theluji niliujenga mimi. Nilijua wapi ni mgumu na wapi ni unga. Asubuhi ile nilikuwa nimetupa theluji ya maji kutoka kona ya tatu kwenda chini, na theluji ya maji ikiganda huwa kama saruji. Nikajiambia, Sólrún, egemea."

Akaegemea. Alilileta lori taratibu upande wa kushoto hadi ubavu wake ukaanza kusaga ukutani. Kioo cha pembeni kikaenda. Kitasa cha mlango kikaenda. Theluji iliingia dirishani ikamfunika hadi kifuani, naye akishika usukani kwa nguvu zote, akiachia kidogo ili kukata kona, kisha akiegemea tena. Kona ya tatu. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Lori lilisimama baada ya ya saba, mita arobaini kutoka mahali ambapo watu walikuwa wamesimama na chupa za kahawa.

Eyvindur alikimbia akipiga makofi. "Shangazi! Ile ya kuegemea sikukwambia, lakini ni ajabu! Ni ajabu!" Kisha akamwona uso, na makofi yakakoma.

Hapo hapo Sólrún alimweleza kuhusu breki, akamwapisha asimwambie mtu wala asikifute kipande kile. Alijua kijana angekifuta kwa kujilaumu, na kijiji kizima kingebaki na mapipa yasiyolipwa na filamu isiyo na kilele.

Siri ilidumu miezi saba. Mwezi Oktoba filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa michezo wa Kaldeyri, na watu 190 wakajaa, wengine wakiwa wamebeba viti kutoka nyumbani. Walicheka mahali pa kucheka na mahali pasipo pa kucheka. Mwalimu wa kwaya alipofyatua bunduki yake ya mbao, ukumbi ulipiga kelele za furaha.

Kisha ukaja mteremko, na vicheko vikakatika.

Kando ya Sólrún aliketi kaka yake Bragi, nahodha mstaafu ambaye siku hizi huvua kwa kujifurahisha, na ambaye zamani aliendesha malori katika mlima huo huo. Bragi si mtu wa maneno. Katikati ya kona ya tatu aliinama mbele.

"Taa za breki zinawaka," alinong'ona. "Lori halipungui mwendo."

"Nyamaza, tazama filamu."

"Sólrún. Breki hazikushika."

Bragi alimshika mkono wa sweta, na kila lori lilipouegemea ukuta alizidi kukaza, kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke. Taa zilipowashwa alisimama, mzee wa miaka sabini na moja, uso umelowa, akaueleza ukumbi mzima kwa sauti ya nahodha kile walichokuwa wametazama. Eti hakuna aliyepiga makofi kwanza. Watu waligeuka tu wakamtazama yule mama wanayemwona kila siku, kama ndiyo kwanza amewasili. Mwanamke mmoja wa kiwandani alikuja akamgusa bega, akarudi kukaa. Makofi yalikuja baadaye, nayo hayakuwa na mwisho.

"Usiku ule kaka hakunisemesha," anasema Sólrún. "Kesho yake alinikuta nikitia mafuta. Akaniambia, 'Mimi nisingeiweza.' Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza kunisifu."

Mhakiki mmoja wa mji mkuu aliandika kwamba hadithi ya filamu hiyo ina matundu mengi kuliko wavu, ila mteremko wake aliutazama akiwa amesimama. Katika tamasha dogo huko Ubelgiji, madereva wa filamu waliomba kipande kile kirudiwe mara tatu. Wawili walimwandikia Sólrún barua. Mmoja aliuliza alisomea wapi.

Sasa wageni huja Krummaskarð kupiga picha kwenye kona ya nne. Majira ya baridi yaliyopita Sólrún aliwavuta watatu kutoka mtaroni. Sifa hizo hazimfurahishi.

"Watu wanadhani naupenda mlima huu," anasema. "Nauheshimu. Lakini mtu asihitaji kujua kuegemea theluji ndipo ampeleke mtoto hospitali."

Kwa hiyo kila mara filamu hiyo inapoonyeshwa, naye huwapo mlangoni na karatasi: ombi la kuchimbwa handaki chini ya Krummaskarð. Hadi wiki iliyopita saini zilifika 1,140. Wahandisi walikuja kiangazi wakatoboa mwamba kuupima, uamuzi bado.

"Shangazi anataka kuniulia filamu ya pili," Eyvindur analalamika kwa utani, ingawa saini ya kwanza kwenye karatasi ni yake.

Na handaki likija, dereva wa theluji atafanya nini? Sólrún anaikata kona ya mwisho. Chini, madirisha ya Kaldeyri yameanza kuwaka moja moja.

"Nitakaa kiti cha nyuma," anasema. "Eyvindur aendeshe, Bragi akae mbele amgombeze. Mimi nataka kupita chini ya mlima huu mara moja tu, mwezi wa Januari, nikiwa nimelala usingizi."