Foleni ya Mawe

Leo jiwe limenipita kwa foleni ya zahanati.

Ndiyo, jiwe. Hujasoma vibaya.

Nilikuwa nimepeleka mtoto chanjo. Kwa sababu ya korona, wamechora miduara ya chokaa pale uwanjani ili kila mtu asimame mbali na mwenzake. Safi sana. Nikasimama kwa wangu, maski usoni, mtoto mgongoni, jua likituchoma.

Mbele yangu kila mduara ulikuwa na jiwe. Mimi mjinga nikadhani ni mapambo.

Kumbe wenye mawe wako kivulini! Wamebanana kwa benchi moja, maski zimeshuka kidevuni, wanagawana hindi la kuchoma. Mmoja akikohoa, jirani anampigapiga mgongo. Upendo wa ajabu.

Nesi akatoka: "Anayefuata!"

Nikasonga. Mama mmoja akaruka kutoka benchi.

"Wee mama, jiwe lako liko wapi? Hapa tunapanganga na mawe."

"Si mimi mwenyewe nimesimama hapa?"

"Hiyo ni kusimama tu. Hujapanga laini."

Nikamgeukia nesi, msomi wetu, anitetee. Akayatazama mawe.

"Mama, wenzako wamefuata utaratibu."

Utaratibu!

Nikaenda kutafuta jiwe, jamani. Ningefanya nini?

Kwenu pia ni hivi, ama ni sisi tu?

Lile jiwe kubwa la huku kwetu Ilesi, linalotiririka maji kama machozi, wazee wametupa sababu chungu nzima za kulia kwake. Mimi leo nimejua. Linatuonanga.