Kigingi cha Saba

Shangazi yangu anapima ukingo wa bahari. Ndiyo kazi yake katika baraza la mkoa, idara ya mazingira, huu ni mwaka wa kumi na mbili, na bado kuna majirani wanaodhani ni fundi cherehani kwa sababu ya ile futi anayotembea nayo mkobani. Kumbe futi yenyewe ni ya mita hamsini.

Upande wetu ardhi haiteremki polepole hadi majini. Inakatika ghafla, ukuta wa udongo mwekundu mrefu kuliko nyumba, na chini yake malori yanachota mchanga kwa kibali cha baraza. Juu kuna barabara, vibanda viwili vitatu na chekechea. Baraza lilisimika vigingi tisa huko juu, mabomba ya chuma yaliyojazwa zege, kila kimoja na namba yake. Kila mwezi shangazi anapima kutoka kwenye kigingi hadi pale ardhi inapokatika. Ikipungua chini ya mita kumi popote, kibali kinasimama. Kazi nzima ni namba tisa kwenye fomu, na sahihi.

Ni mwoga, hilo halifichi. Anaogopa mbwa, anaogopa ngazi, barua ya ofisi haifungui mpaka mtu akae karibu naye. Mzee anayemshikia upande wa pili wa futi, wanamwita Kipara, humtania kila mara.

"Mama Mita, wewe walikuajiri ukingoni kwa bahati mbaya. Ulikuwa wa stoo."

"Ndiyo maana sijaanguka mpaka leo. Wewe shika futi."

Mimi nafagia pale chekechea, ndiyo maana niliona. Ilikuwa Jumanne, mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Kigingi cha saba kiko nyuma ya darasa, upande wa bahari. Walipima, wakapata mita kumi na moja. Miezi sita yote namba ilikuwa hiyohiyo, kumi na moja na kitu, na shangazi alikuwa akikisifia nyumbani kama mtoto mwenye adabu: saba ametulia, saba hana shida.

Kipara alikwishaanza kukunja futi. Shangazi alibaki pale, ameegemea ukuta wa darasa kwa mkono mmoja, mkono wa pili uko juu ya kigingi. Akautazama mkono huu, akautazama ule.

"Kipara. Mwaka jana tulipokuja kupaka rangi, mwalimu alinipa maji kwa dirisha hili."

"Sasa?"

"Nilitembea kuyafuata. Niliacha brashi pale kwenye kigingi, nikatembea."

Kipara akatazama chini ya kigingi. Rangi nyeupe ya bomba ilikuwa imeishia juu, halafu kipande cha chuma kitupu chenye kutu kama shubiri moja, ndipo udongo. Mtu akipaka kigingi kikiwa kimesimama, rangi inaishia kwenye udongo. Hiki kilikuwa kimeng'olewa, kikasimikwa tena.

Fomu haina mahali pa kuandika umbali wa kutoka kwenye ukuta wa darasa hadi kwenye kigingi. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuupima. Nani anapima kitu ambacho kazi yake ni kutosogea?

Walitafuta kwenye majani kwa miguu, polepole, kuelekea baharini. Shimo la zamani walilikuta hatua kumi na kitu kutoka darasani, limejaa mchanga na vipande vya zege. Shangazi akapiga magoti, akamwambia Kipara abaki nyuma, akasogea na futi kwa kutambaa. Kutoka shimoni hadi ukingoni: mita tatu na robo. Kati ya shimo na darasa kulikuwa na ufa, mwembamba kama kidole, unakwenda sambamba na ukuta wa darasa mwanzo hadi mwisho. Ndani watoto kumi na tisa walikuwa wanaimba namba.

Nilimwona shangazi akirudi. Magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu ambao hakuufuta.

"Tusiseme hapa," Kipara alimwambia kwa sauti ya chini. "Twende ofisini kwanza. Fomu sita, Mama Mita. Mimi nashika futi tu, sahihi ni yako."

"Najua ni yangu."

Alimpigia mkuu wa idara. Simu yake ina sauti kubwa, nilisikia. Mkuu alisema kigingi ndicho rasmi, aandike kilichopo kwenye kigingi, mengine yataongelewa kikaoni Ijumaa. Shangazi akasema ndiyo mkuu, sawa mkuu, kama anavyosema siku zote.

Alipokata simu, msimamizi wa malori alikuwa ameshapanda juu. Ni kijana mnene, mchangamfu, wanamwita Shemeji Wote kwa sababu yeye humwita kila mwanamke shemeji.

"Shemeji, mbona leo futi imevuka mipaka? Nakuona unatambaa kama mtoto."

"Napima."

"Pima, pima, nani anakukataza." Akachuma jani, akawa analichana taratibu. "Wale wanao wawili bado wanapita njia ya nyuma ya soko wakitoka shule? Njia ile haina watu mchana. Mimi ningekuwa baba yao ningewapitisha barabarani."

Alisema huku anatabasamu. Kipara akatazama viatu vyake. Shangazi aliificha futi nyuma ya mgongo. Nilijua anataka kuondoka. Kama angeondoka nisingemlaumu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeushika ufagio kama nguzo.

Hakuondoka. Alizunguka darasa, akaingia kwa mlango wa mbele, nami nyuma yake.

"Mwalimu, watoto watoke."

Mwalimu alikuwa na chaki mkononi. "Kuna barua?"

"Hakuna."

"Sasa nitawaambia nini wazazi? Mama Mita, mwezi uliopita ulisimama mlango huohuo ukaniambia saba ametulia."

"Nilikosea. Na mwezi wa kabla yake nilikosea. Watoe, tafadhali, na wasikimbie."

Mwalimu akaweka chaki chini. Tuliwavusha barabara wawili wawili, wameshikana mikono, mpaka kwenye kibaraza cha duka. Mwenye duka alinung'unika kwamba wanaziba mlango. Hakuna kilichoanguka. Mpaka saa sita hakuna kilichoanguka, na mzazi mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alisema wazi kwamba huyu mama wa baraza anatafuta jina. Kipara alikwenda kuutazama ufa kwa mbali, akarudi akatuonyesha vidole viwili, vimebanana. Asubuhi kilikuwa kimoja.

Shangazi aliwafuata wanawe shuleni yeye mwenyewe, akapita nao barabara kubwa. Alipofika nyumbani alifunga mlango kwa komeo mchana kweupe, akatandaza fomu mezani. Ya mwezi huu, na nakala sita za nyuma ambazo alitaka kuandika pembeni kwamba si sahihi, na kwa nini.

Alipofika kwenye nakala ya tatu lori likasimama nje. Injini haikuzimwa.

"Chungulia. Ni la mchanga?"

Nilisogeza pazia kidogo. "Ni la mchanga."

"Kuna mtu ameshuka?"

"Bado."

Watoto walikuwa chini ya meza, yeye ndiye aliyewaambia wakae hapo. Mdogo aliuliza kama ni mchezo, mkubwa akamwambia nyamaza. Shangazi alimaliza ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Lori bado linanguruma. Akavuta fomu ya mwezi huu, akanisukumia daftari lake la vipimo.

"Nisomee ya saba. Nisije nikaandika kumi na moja kwa mazoea."

"Tatu na robo," nikamsomea.

Akaiandika. Mkono ulikuwa unamtetemeka hata namba haisomeki vizuri, kwa hiyo chini yake akaiandika tena kwa maneno, herufi moja moja, kisha akatia sahihi.