Akonkwa Atafuta Pa Kuandika Jina Lake

Mimi Agnès nimepiga taipu magazeti ya Bukavu tangu nikiwa msichana, na katika kazi hiyo nimeona wanafunzi wa staji, yaani wanaokuja kujifunza kazi, wa kila aina. Kuna wanaokuja na tai shingoni na hawajui kuandika tarehe. Kuna wanaomaliza chai ya wenzao. Kuna mmoja aliyeniomba nimwandikie ripoti yake nzima, na leo ni mkubwa mahali fulani; huyo namwachia Mungu. Lakini Akonkwa Bulonza nampenda mpaka leo, ingawa kuna siku alinikasirisha nikatamani kumchapa na rula.

Alikuja kwetu katikati ya vita ya pili ya nchi yetu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na kila barabara ilikuwa na bariere yake, yaani mti uliolazwa njiani na askari wenye njaa nyuma yake. Akonkwa alikuwa kijana mrefu, amevaa koti lililoshonewa mtu mnene. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uandishi wa habari, na chuo chao kilikuwa na sheria isiyo na huruma: mwanafunzi hapewi diploma mpaka alete makala iliyochapishwa gazetini, ikiwa na jina lake chini yake. Bila jina, hakuna diploma. Mama yake, muuza ndizi wa Kadutu, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mwanawe ni mwandishi, na soko zima lilikuwa linangoja kuona kwa macho. Watu wa Kadutu wakikungojea kitu, afadhali ukipate.

Sisi tulikuwa gazeti lake la tatu. Gazeti la kwanza lilikuwa na mkurugenzi aliyevuka mpaka siku Akonkwa alipofika, akaondoka na funguo zote mfukoni. Kwa kuwa chuo kilikuwa kimemwambia asikose kazini, Akonkwa aliendelea kuja kila asubuhi na kukaa mbele ya mlango uliofungwa mpaka saa ya kurudi nyumbani. Majirani walidhani anadai mshahara, wakawa wanamletea mahindi ya kuchoma. Gazeti la pili lilikuwa la parokia. Huko aliandika makala nzuri sana juu ya kwaya, na padri akaisifu mbele ya waumini. Ila alipofika mahali pa jina, padri alisema majivuno ni dhambi, akalifuta, akaandika chini yake "Kwa utukufu wa Mungu". Chuoni walikataa kumpa Mungu diploma.

Basi akaja kwetu, kwenye Jicho la Nguba. Jicho lenyewe lilikuwa limefumba tangu vita ianze. Mkurugenzi wetu, Papa Xavier, zamani alikuwa mwandishi mkali, lakini alilala gerezani mara moja tu na akatoka humo akiwa na hekima nyingi kupita kiasi. Methali yake ilikuwa moja, mdomo uliponza kichwa, na aliitumia kama wengine wanavyotumia chumvi. Chuoni Akonkwa alikuwa amefundishwa kwamba habari lazima iseme ni nani, ni nini, wapi, lini na kwa nini. Papa Xavier alikuwa na kalamu nyekundu kwa ajili ya kila mojawapo.

"Nani? Watakuja kumutafuta," alimwambia. "Wapi? Watakuuliza ulikuwa unafanya nini kule. Na sababu gani? Ile hata Mungu hajatuambia bado."

Akonkwa aliandika kwamba lori la bia limepinduka kwenye njia ya Bunyakiri na kwamba askari walikesha wakiliokoa chupa kwa chupa. Papa Xavier aliondoa askari. Kisha akaondoa bia, kwa sababu bia ina mwenyewe. Kisha akaondoa Bunyakiri. Ilipofika kwenye mashine yangu habari ilikuwa imebaki sentensi moja, "Madereva wawe waangalifu", na hiyo nayo bila jina la mwandishi. Akonkwa alikaa kwenye benchi akiitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Nilimwonea huruma, nikampa chai, naye hakuimaliza yote. Hapo ndipo nilipojua ni mtoto mwenye malezi.

Sasa, gazeti lisilo na habari huishi kwa nini? Huishi kwa shukrani za matanga. Kwetu Bukavu ukizika mtu na matanga yakaisha, lazima uwashukuru hadharani wote waliokusaidia: aliyeleta turubai, aliyepika, aliyechimba kaburi, aliyelia vizuri. Ukimsahau mmoja, umejitafutia adui mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo watu walikuja kwetu na majina, nasi tukayachapa yote. Papa Xavier alikuwa hazisomi kabisa shukrani hizo. Alisema hajaona mtu aliyefungwa kwa sababu ya kusema asante. Kazi ya kuzipokea akampa Akonkwa.

Siku moja akaingia Maman Eulalie, mama wa makamo kutoka Walungu, kitambaa cheusi kichwani na tope mpaka magotini. Mume wake alikuwa amefia hospitali hapa mjini, na maiti ilibidi irudishwe nyumbani kwa pikapu. Alikaa, akakataa maji, akaanza kutaja watu kwa mpangilio wa jinsi mambo yalivyokwenda, kwa maana kwake kuruka mtu kulikuwa sawa na kumnyima chakula. Akamshukuru muuguzi aliyemfumba marehemu macho. Akamshukuru dereva. Akafika kwenye bariere ya njia ya Walungu, na hapo sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Na askari ya bariere, asante. Walikamata mbuzi ya matanga, lakini sanduku ya bwana yangu waliiacha ipite."

Akonkwa alinitazama. Mimi nikamtazama. Mama yule hakuwa anafanya mzaha wala hakuwa anashtaki. Kweli alishukuru, kwa sababu mwezi ule ule kuna watu walinyang'anywa hata sanduku la maiti. Akonkwa akaandika kama alivyoambiwa. Nami nikapiga kama nilivyopewa. Gazeti likatoka.

Papa Xavier alilisoma likiwa limekwisha kufika sokoni, na alilisoma tu kwa sababu alisikia watu wanacheka barabarani. Rangi ya uso wake sitaisahau. Alianza kutueleza kwamba ana shemeji kule Luberizi anayehitaji msaada wa kuvuna mpunga, na kabla hajamaliza kueleza, gari la askari likasimama mlangoni. Mkurugenzi wetu akakumbuka ghafla kwamba tumbo linamuuma, akakimbilia chooni uani, akajifungia.

Aliyeingia alikuwa mkubwa wa bariere yenyewe, Komanda Héritier, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinafikiria kama zitoke. Gazeti letu lilikuwa mkononi mwake. Akonkwa alisimama mbele ya meza yangu kunikinga, na hilo nililiona vizuri.

"Muliandika 'askari'," Komanda alisema. "Askari gani? Ile bariere iko yangu. Mama yangu atasomewa gazeti kule Bunyakiri, atasikia muji muzima unashukuriwa, mutoto yake hapana."

Hilo ndilo lililomleta. Alikuwa amekasirika kama shangazi aliyesahauliwa kwenye shukrani. Akaeleza kwamba pikapu ilipokwama kwenye tope, ni yeye aliyewaamuru askari wake waweke bunduki chini na kuisukuma mpaka juu kilimani, na yeye mwenyewe alisukuma. Juu ya mbuzi hakukana. Alikuwa mmoja, alisema, mweusi, na mwembamba kiasi kwamba nyama haikuenea. Wangefanya nini? Vijana wake walikuwa hawajaletewa chakula tangu mvua za kwanza, wakubwa wao wanakula samaki mjini. Yote hayo yaandikwe, na yaandikwe kama habari ya kweli, ukurasa wa mbele, si chini ya matangazo. Akonkwa akamuuliza kwa sauti nyembamba kama kweli anataka na la chakula liandikwe. Komanda akasema hasa hilo.

Walipoondoka tulikwenda kugonga mlango wa choo. Papa Xavier alikuwa amesikia kila neno. Kutoka ndani ikaja amri ambayo hatukuwa tumeisikia tangu vita ianze: tusikate kitu.

Akonkwa aliandika siku hiyo kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nani, wapi, lini, kwa nini, vyote vilikuwemo, kwa idhini ya bunduki. Mimi nilikuwa na stensili moja tu iliyobaki, ile karatasi ya nta tunayopigia taipu kabla ya kuchapa. Nyingine zilikuwa zimekwama ng'ambo ya mpaka. Nilibana maneno kila mahali. Tulipofika mwisho wa ukurasa ulibaki mstari mmoja, mahali pa jina la mwandishi. Akonkwa alikuwa amesimama nyuma yangu, akinipumulia shingoni kwa furaha.

Ndipo Maman Eulalie akaingia kuchukua nakala za shukrani zake za kuwapelekea wakwe. Akasikia kwamba tumeandika safari yao nzima, akaomba asomewe, kwa kuwa hakusoma shule. Nikamsomea mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri, mikono mapajani. Kisha akauliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia.

"Watu wote iko mu gazeti. Hata mbuzi iko. Bwana yangu ndiye haiko?"

Nikarudi kuangalia. Kweli. Tulikuwa na Komanda na cheo chake, tulikuwa na dereva, tulikuwa na rangi ya mbuzi. Marehemu alikuwa "jeneza" mwanzo mpaka mwisho. Niliona aibu mpaka masikioni. Ukurasa ulikuwa umejaa, na nta ukiifuta mara mbili inatoboka. Palibaki mstari ule mmoja.

Akonkwa akamuuliza mama yule jina kamili la mumewe. Akaniambia nipige: Philémon Zagabe. Nilimuuliza kama ana akili. Nikamkumbusha chuo, nikamkumbusha mama yake na soko zima la Kadutu, na rula nilikuwa nayo mkononi. Alisema tu, "Maman Agnès, weka yake." Nikapiga jina lile kwa hasira, vidole vinauma, huku machozi yananitoka bila ruhusa yangu.

Kilichofuata mngekitegemea, sisi tu hatukukitegemea. Jina likikaa chini ya makala, watu husema huyo ndiye aliyeandika. Mji mzima ukaanza kumsifu mwandishi mpya, Philémon Zagabe, mtu asiyeogopa. Komanda alifurahi sana, akaja kumpongeza Zagabe kwa mkono wake. Tulipomwambia kwamba Zagabe ndiye aliyekuwa ndani ya lile sanduku alilolisukuma, alikaa chini kwenye benchi letu. Kisha akauliza kama marehemu alimwona pia akimla yule mbuzi. Tangu siku hiyo mbuzi wa matanga walipita kwenye bariere yake wakitembea kwa madaha.

Papa Xavier naye, akili zake za zamani zikamrudia. Mwandishi gani bora kuliko yule asiyeweza kukamatwa? Kila habari yenye moto akaitia jina la Zagabe. Zagabe aliandika juu ya mbao, juu ya dhahabu ya Shabunda, juu ya mishahara ya walimu. Maofisa walimtafuta mpaka wakachoka. Jicho lilifumbuka, nasi tukauza kama ndizi.

Mwenye kuumia alikuwa mmoja. Akonkwa alipeleka makala yake chuoni, na Profesa Jean-Baptiste, mkuu wa staji, akasoma jina lililo chini na kumrudishia. Alisema Zagabe anamsoma kila toleo, ni mwandishi wa kweli, na kuiba kazi ya mtu kama huyo ni aibu kubwa. Nilikwenda mwenyewe kushuhudia. Akanijibu kwamba mpiga taipu wa gazeti lile lile si shahidi, jibu ambalo sijamsamehe. Na kusema kwamba Zagabe amekufa hatukuweza, kwa kuwa korido ilikuwa imejaa masikio, na jina lile ndilo lililokuwa linatufunika wote. Akonkwa aliambiwa arudie mwaka. Alitoka pale akitembea kwa miguu ya mzee.

Nikamweleza Maman Eulalie alipokuja mjini. Alifunga kitambaa chake vizuri, akapanda kilima mpaka chuoni, mimi na Akonkwa nyuma yake tukihema. Aliingia bila kugonga. Akafunga mlango, na hilo lilinionyesha kwamba alielewa mambo kuliko tulivyodhani. Akamwambia Profesa kwamba Philémon Zagabe alikuwa mume wake, na kwamba yuko kaburini Walungu tangu kabla ya makala ile kuandikwa.

Profesa akasema, kwa heshima lakini bila kulegea, kwamba anahitaji uthibitisho. Huenda marehemu aliacha maandishi, na kijana akayachukua.

"Bwana yangu alikuwa analima," Maman Eulalie akasema. "Masomo hakuona. Hata jina yake hakujua kuiandika mpaka anakufa. Huyu mutoto ndiye alimuandikia ile jina."

Profesa Jean-Baptiste akaivuta karatasi ya staji ya Akonkwa, akaitia sahihi ya kuikubali makala yake, kisha akasimama na kumpa Maman Eulalie kiti chake.